Springi Ngumu au Springi Sahihi? Fizikia ya Gari la Michezo Linaloendeshwa Kila Siku

Magari ya michezo si kitu kigeni tena katika miji yetu. Kwa jina hili tunakusudia magari madogo na mepesi, yenye injini ya nguvu, yaliyoundwa ili mwendeshaji afurahie mwendo na kona zaidi kuliko kubeba abiria wengi au mizigo. Mengi ya magari hayo huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Wanaoyanunua, ambao wengi wao ni vijana, hawachukui muda mrefu kabla ya kutamani kuyaongezea uwezo. Sehemu inayoguswa mapema ni saspensheni, yaani ule mfumo wa springi, shokapu na mikono ya chuma unaounganisha bodi ya gari na magurudumu yake. Springi za kiwandani hutolewa, na mahali pake hutiwa springi fupi na ngumu. Gari hushuka mpaka karibu na ardhi, na mwenyewe huridhika kwamba sasa anaendesha gari la mashindano.

Kila mwaka wanafunzi wangu wa uhandisi huniuliza kama mabadiliko hayo yana faida. Swali ni zuri, na kulijibu hakuhitaji elimu ya chuo kikuu. Kanuni zinazohusika ni zile zile zinazofundishwa katika fizikia ya sekondari: kanuni ya Hooke, nishati, mtikisiko na kani. Katika makala haya tutazitumia kanuni hizo ili kuona jinsi mtu anavyopaswa kuchagua saspensheni ya gari analoliendesha kila siku.

Jambo lenyewe si la mapambo. Gari la mashindano huzunguka kiwanja laini kwa muda mfupi, kisha hurudishwa gereji kukaguliwa. Gari la kila siku hupeleka watoto shule asubuhi, hupita juu ya matuta na mashimo, na huenda likalazimika kusimama ghafla katika mvua mtu anapokatiza njia. Ubaya wa springi iliyochaguliwa bila kufikiri huweza kujificha miezi mingi, ukajitokeza siku hiyo moja.

KAZI TATU ZA SASPENSHENI

Saspensheni ina kazi tatu. Ya kwanza ni kubeba uzito wa gari. Ya pili ni kuwakinga abiria na mishtuko ya barabara. Ya tatu, ambayo husahauliwa, ni kulishikilia tairi ardhini.

Msomaji na alitazame tairi lililosimama juu ya sakafu. Ataona kwamba sehemu inayogusa sakafu ni ndogo, takriban sawa na kiganja cha mkono. Kani zote za kuongeza mwendo, kupiga breki na kukata kona hupita katika viganja hivyo vinne. Tairi likiinuka, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kiganja kimoja kimepotea, na breki ya gurudumu hilo haina kazi tena. Kwa hiyo kipimo cha saspensheni nzuri si ugumu wake. Kipimo ni namna inavyoyaweka matairi yote manne juu ya barabara ile ambayo gari hupita. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha makala haya.

SPRINGI NA KANUNI YA HOOKE

Mwaka 1678 mwanasayansi wa Kiingereza, Robert Hooke, alitangaza kwamba springi hurefuka au kubonyea kwa kadiri ya kani inayoikabili. Kani ikiongezeka mara mbili, mbonyeo nao huongezeka mara mbili. Ugumu wa springi ni kani inayohitajika ili kuibonyeza kwa kipimo fulani, kwa mfano Nyutoni 20 kwa kila milimita.

Tuchukue mfano ambao tutaendelea nao mpaka mwisho. Kila pembe ya gari letu hubeba tungamo la kilo 300, na ugumu wa springi, kama unavyohisiwa kwenye gurudumu, ni Nyutoni 20 kwa milimita. Uzito wa kilo 300 ni takriban Nyutoni 2,940. Basi gari likisimama tu, springi imekwisha kubonyea milimita 147, yaani sentimita 14.7.

Kutokana na mbonyeo huu twaweza kujua gari litatikisika mara ngapi kwa sekunde. Walimu watakumbuka kanuni ya mtikisiko wa tungamo juu ya springi. Tukiipanga upya na kutia thamani ya mvutano wa dunia, tunapata kanuni fupi sana:

Mitikisiko kwa sekunde = 5 ÷ kipeuo cha pili cha mbonyeo, mbonyeo ukipimwa kwa sentimita.

Kwa gari letu, kipeuo cha pili cha 14.7 ni 3.83, na 5 ikigawanywa kwa 3.83 ni 1.3. Gari hutikisika mara 1.3 kwa sekunde. Magari ya kawaida ya abiria huwa kati ya 1 na 1.5. Magari ya michezo ya barabarani huwa kati ya 1.5 na 2, au chini kidogo ya hapo. Magari ya mashindano ya viwanja laini huanza 2 na kupanda, na yale yanayokandamizwa chini na upepo kwa mabawa yao hupita 3.

Mwili wa mwanadamu nao una masafa yake. Mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mitikisiko ya wima iliyo kati ya 4 na 8 kwa sekunde, kwa kuwa tumbo, mgongo na mabega huitikia mitikisiko hiyo. Mtikisiko wa mara moja kwa sekunde, ambao si mbali na mwendo wa miguu yetu tunapotembea, hatuoni taabu nao. Kwa hiyo kila tunapoongeza ugumu wa springi tunalisogeza gari karibu na masafa yanayochosha mgongo.

GHARAMA YA KULISHUSHA GARI

Sasa na tuangalie kinachotokea gari linaposhushwa. Tuseme kwamba katika hali ya kiwandani gurudumu laweza kupanda sentimita 7 kabla ya saspensheni kugonga ule mpira unaozuia chuma kisigongane na chuma. Mwenye gari analishusha sentimita 4. Nafasi iliyobaki ni sentimita 3.

Nishati ambayo springi huimeza kutoka pale gari linaposimama ni nusu ya ugumu ikizidishwa kwa mraba wa mwendo. Kwa springi ya kiwandani na nafasi ya sentimita 7, nishati hiyo ni Jouli 49. Kwa springi hiyo hiyo na nafasi ya sentimita 3, ni Jouli 9 tu. Mabaki yote, kama shokapu haikuyameza, yatapigwa kwenye mpira wa kukomea, kisha kwenye bodi, kisha kwenye uti wa mgongo wa aliyeketi.

Je, springi inapaswa kuwa ngumu kiasi gani ili iweze kumeza Jouli zile zile 49 katika sentimita 3? Kwa kuwa nafasi imo katika mraba, jibu ni 7 ikigawanywa kwa 3, kisha kupigwa mraba, yaani mara 5.4. Springi ya Nyutoni 20 kwa milimita yapaswa kuwa ya Nyutoni 109. Mbonyeo wake gari likisimama utakuwa sentimita 2.7, na kwa kanuni yetu fupi gari litatikisika mara 3 kwa sekunde. Mwenye gari alitaka sura tu ya gari la mashindano, lakini hesabu imemlazimisha kuchukua na ugumu wake wote.

Watu wengi hawafiki huko. Hulishusha gari sana na kuongeza ugumu kidogo, au hukata springi. Kukata ndiyo njia mbaya kuliko zote. Ugumu wa springi ya duara hutegemea idadi ya mizunguko yake iliyo huru: springi yenye mizunguko 6 ikikatwa mmoja, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20 tu, na nafasi ya kubonyea hupungua kuliko ongezeko hilo linavyoweza kufidia. Aidha, ncha iliyokatwa haikai vema kwenye kikalio chake. Gurudumu likining'inia, springi fupi huweza kulegea na kuhama mahali pake, nayo isiporudi sawasawa gari linapotua, hatari yake haihitaji kuelezwa.

SHIMO LA SENTIMITA TANO

Mpaka hapa tumezungumza juu ya tuta, ambalo hulisukuma gurudumu juu. Shimo hutufundisha jambo kubwa zaidi.

Gurudumu likifika ukingoni mwa shimo, bodi ya gari, kwa uzito wake, haiwezi kushuka papo hapo. Gurudumu peke yake ndilo linalopaswa kushuka, na kinacholisukuma chini ni springi. Springi ya kiwandani, iliyobonyea sentimita 14.7, ikiachia sentimita 5 bado husukuma kwa Nyutoni 1,940, yaani theluthi mbili ya kani yake ya kwanza. Tairi limefika chini ya shimo na bado linashika.

Springi ya Nyutoni 109 kwa milimita ilikuwa imebonyea sentimita 2.7 tu. Gurudumu likishuka sentimita 2.7, springi imekwisha. Haina kani iliyobaki. Katika sentimita 2.3 zinazofuata gurudumu huanguka kwa uzito wake lenyewe, na huenda gari likawa limekwisha kuvuka shimo kabla halijatua. Mwendeshaji akipiga breki wakati huo, gurudumu hilo halitasaidia.

Hapa ndipo penye siri ya jambo zima. Katika kiwanja laini mashimo ya namna hiyo hayapo, kwa hiyo springi ngumu haipotezi kitu, bali huzuia bodi isiyumbe. Katika barabara zetu springi ile ile huyainua matairi. Nilipokuwa masomoni Ulaya nilipanda magari yenye saspensheni ngumu yaliyopita vizuri sana katika barabara kuu za huko. Uzuri huo haukuwa wa gari peke yake, bali wa gari na barabara kwa pamoja. Mtu akinunua nusu ya uzuri huo dukani, nusu ya pili haiji nayo.

SHOKAPU: MTUNZA NIDHAMU

Springi haipotezi nishati. Huiweka kisha huirudisha. Kama hakuna kitu cha kuimaliza, gari lingeruka-ruka mpaka mwisho wa safari. Kitu hicho ni shokapu. Ndani yake pistoni husukuma mafuta kupita katika matundu madogo, na nishati ya mtikisiko hugeuka joto. Msomaji akigusa shokapu kwa uangalifu baada ya safari ya barabara mbaya ataona kwamba ina moto.

Wahandisi hupima kazi ya shokapu kwa kuilinganisha na kiasi kile ambacho kingelifanya gari lirudi mahali pake bila kutikisika hata mara moja. Kiasi hicho tukiite kamili. Kwa magari mengi ya barabarani shokapu huwa karibu sehemu 0.3 ya kiasi kamili. Kwa kipimo hicho, kila mtikisiko huwa asilimia 14 tu ya uliotangulia, na jicho huona kana kwamba gari limetulia mara moja.

Lakini kiasi kamili chenyewe huongezeka springi inapokuwa ngumu. Mtu akitia springi zenye ugumu maradufu na kuziacha shokapu za zamani, kipimo hushuka kutoka 0.3 hadi 0.21, na kila mtikisiko huwa asilimia 26 ya uliotangulia. Akitia ile springi ya Nyutoni 109, kipimo hushuka hadi 0.13, na mtikisiko hubaki asilimia 44. Gari limekuwa gumu, na papo hapo limekuwa la kuruka-ruka. Kwa hiyo springi na shokapu ni mke na mume: hazichaguliwi mbalimbali.

Kinyume chake, shokapu mpya zilizo imara kidogo juu ya springi za kiwandani huleta badiliko kubwa bila kugusa nafasi ya saspensheni. Bodi hutulia haraka baada ya tuta, pua ya gari haizami kwa kasi breki zinapopigwa, na gari huitikia usukani upesi. Shokapu zilizojazwa gesi ya kanieneo kubwa, ambazo kampuni ya Bilstein ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1957, zina faida nyingine: mafuta yake hayafanyi povu kwa urahisi katika mwendo mrefu wa barabara mbaya, kwa hiyo nguvu yake haififii njiani.

GARI LINAPOKATA KONA

Wapenzi wa springi ngumu watasema: je, kona? Gari laini hulala upande, na kulala ni dalili ya kupindukia. Hoja hii yahitaji uangalifu.

Katika kona, uzito huhama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Kiasi kinachohama ni tungamo la gari, mara mchapuko wa kando, mara kimo cha kitovu cha uzito, kugawanywa kwa upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Tuchukue gari la kilo 1,200, kitovu chake kikiwa sentimita 50 juu ya ardhi, upana mita 1.5, na mchapuko wa kando nusu ya ule wa mvutano wa dunia. Uzito unaohama ni Nyutoni 1,962.

Msomaji na aitazame tena kanuni hiyo. Ugumu wa springi haumo. Kona ikiwa imara, springi ngumu hupunguza pembe ya kulala, lakini haipunguzi hata Nyutoni moja ya uzito unaohama. Kulishusha gari hupunguza, kwa kuwa kimo kimo katika kanuni. Ila kushusha sentimita 2 hupunguza asilimia 4 tu, yaani Nyutoni 78. Na katika magari yenye mguu wa MacPherson, ambao ni muundo wa magari mengi yaliyoko barabarani kwetu, kushusha kupita kiasi huinamisha mikono ya chini vibaya. Nukta ambayo bodi huizunguka inapolala hushuka kuliko kitovu cha uzito chenyewe kinavyoshuka, na gari huweza kupata hamu kubwa zaidi ya kulala kuliko mwanzo.

Njia ya busara ya kupunguza kulala ni stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likilala, fimbo hujinyonga na kupinga. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, fimbo huzunguka tu bila kupinga, na springi hubaki laini kama zilivyokuwa. Lakini hata dawa hii ina kipimo. Ikizidi, tuta la upande mmoja hupelekwa upande wa pili, na katika kona gurudumu la ndani huweza kuinuliwa. Tena, kukaza stabilaiza ya mbele kuliko ya nyuma hufanya matairi ya mbele yateleze kwanza, na gari hutaka kwenda moja kwa moja. Kukaza ya nyuma hufanya mkia ndio uteleze kwanza, jambo ambalo dereva wa kawaida hawezi kulidhibiti katika mvua. Ndiyo maana watengenezaji wengi huliacha gari lielekee kidogo upande wa kwanza.

HISTORIA YASEMAJE?

Dhana kwamba gari la michezo lazima liwe gumu haiungwi mkono na historia. Lotus Elan, gari la Kiingereza lililotolewa mwaka 1962, lilikuwa na uzito wa chini ya kilo 700 na springi laini, lakini lilisifiwa, na hata leo husifiwa, kwa jinsi lilivyoshika barabara. Waundaji wake waliacha gurudumu lisafiri kwa uhuru, nazo shokapu zikashika nidhamu.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Afrika Mashariki kwenyewe. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yalipita katika vumbi, matope na mawe. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari la michezo, Datsun 240Z. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1978 Porsche 911 SC ya Vic Preston Jr. ilishika nafasi ya pili. Magari hayo hayakushushwa. Porsche zile ziliinuliwa juu ili magurudumu yapate nafasi ya kusafiri na tumbo la gari liyapite mawe. Wahandisi waliotaka kushinda katika barabara zetu walifanya kinyume cha yale yanayofanywa leo na wanaotaka kufanana na washindi.

Kuna somo jingine la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mhandisi Maurice Olley, akifanya kazi Marekani katika kampuni ya Cadillac, alionyesha kwamba gari hutulia zaidi springi za mbele zikiwa na mtikisiko wa pole kuliko za nyuma. Sababu yake ni nyepesi. Magurudumu ya mbele hukutana na tuta kwanza. Ya nyuma hufuata baadaye kidogo. Nyuma ikitikisika upesi zaidi, huifikia mbele, na gari zima hupanda na kushuka kwa usawa badala ya kunesa kama mashua. Anayebadili springi za mbele peke yake huvuruga mpango huu bila kujua. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

UTARATIBU WA KUCHAGUA

Kutokana na hesabu hizi twaweza kupendekeza utaratibu ufuatao kwa mwenye gari la michezo analolitegemea kila siku.

Kwanza, arudishe gari katika hali yake. Gari lililotumika miaka kumi au zaidi mara nyingi lina bushi zilizopasuka, boljointi zilizolegea na shokapu zilizokufa. Watu wengi huhukumu saspensheni ya kiwandani bila kuwahi kuiendesha, kwa kuwa waliyoikuta ilikuwa imekwisha. Baada ya kubadili vilivyochakaa, magurudumu yapimwe alaimenti.

Pili, matairi. Hakuna sehemu ya saspensheni inayoongeza mshiko kuliko tairi jema lenye upepo wa kipimo sahihi. Hata hivyo ajihadhari na rimu kubwa. Tairi la upana wa milimita 205 lenye ubavu wa asilimia 60 lina milimita 123 za mpira kati ya rimu na barabara. La milimita 215 lenye ubavu wa asilimia 40 lina milimita 86. Milimita 37 zilizopotea zilikuwa springi ya kwanza ya gari, nazo ndizo zilizoikinga rimu isipinde shimoni. Rimu nzito nayo ni mzigo ambao springi na shokapu haziwezi kuutuliza kwa urahisi.

Tatu, shokapu bora zilizokusudiwa springi za kiwandani au zilizo ngumu kidogo. Kama fedha zinatosha kwa jambo moja tu baada ya matairi, na ziende hapa.

Nne, stabilaiza iliyo nene kiasi, ikiwezekana ya mbele na ya nyuma kwa uwiano ule ule wa kiwandani. Msomaji akumbuke kwamba ugumu wa fimbo hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake: fimbo ya milimita 22 ikibadilishwa kwa ya milimita 24, ugumu huongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Milimita mbili si kidogo.

Tano, na mwisho kabisa, springi. Ongezeko la robo latosha. Kwa gari letu, springi ya Nyutoni 25 kwa milimita na kushuka sentimita 2 huacha nafasi ya sentimita 5 na uwezo wa kumeza Jouli 31, na mtikisiko huwa karibu 1.5 kwa sekunde. Katika lile shimo la sentimita 5 springi hiyo bado itasukuma kwa Nyutoni 1,690. Tumepoteza kitu, lakini hatukupoteza tairi. Anayeishi mahali penye matuta mengi na barabara ya vumbi, na aache kimo kama kilivyo.

Zile koilova zinazoweza kurekebishwa kimo na ugumu ni vyombo vizuri mikononi mwa mtu anayekwenda kiwanja cha mashindano mara kwa mara na anayejua kupima. Kwa mwingine, uwezo wa kurekebisha ni uwezo wa kuharibu pia.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuyathibitisha haya kwa vifaa vichache: springi laini ya maabara, mawe ya mizani, rula na saa. Tundika springi, pima urefu wake, kisha tundika tungamo na upime imerefuka sentimita ngapi. Hesabu mitikisiko kwa sekunde kwa kanuni yetu fupi. Kisha vuta tungamo kidogo, liachie, na uhesabu muda wa mitikisiko 20. Springi ikirefuka sentimita 16, mitikisiko 20 itachukua takriban sekunde 16. Ikirefuka sentimita 4, takriban sekunde 8. Springi iwe nyepesi ikilinganishwa na tungamo, la sivyo majibu yatapotoka.

Baada ya hapo, funga kipande cha bati cha duara chini ya tungamo na ukizamishe katika ndoo ya maji. Wanafunzi wataona mtikisiko ukififia upesi. Maji yamekuwa shokapu.

Hatimaye darasa na litoke nje penye gari lililosimama. Kandamiza pembe moja ya gari kwa nguvu mara mbili tatu, kisha liachie. Likipanda na kutulia, shokapu yaelekea ni nzima. Likiendelea kunesa, imekwisha. Hilo ndilo badiliko la kwanza ambalo mwenye gari anapaswa kulilipia, kabla hajauliza bei ya springi ngumu.

Maswali ya zoezi: (1) Pembe ya gari hubeba kilo 240 juu ya springi ya Nyutoni 24 kwa milimita. Tafuta mbonyeo wake na mitikisiko yake kwa sekunde. (2) Gari hilo likibeba abiria na mzigo hata pembe hiyo ikawa na kilo 320, mitikisiko itaongezeka au itapungua? Eleza kwa nini hesabu ya saspensheni ya gari la kila siku haiwezi kufanywa kwa dereva peke yake.